Kumfuata Shabani kwa Jeshi la Farasi

Kila anayeingia dukani kwangu siku hizi anajifanya anatafuta kanga. Anaishika, anaikunjua, anauliza bei, halafu swali lenyewe linatoka: "Rukia, mbona umerudi peke yako?" Nimechoka kulijibu juu juu. Basi nimekaa nimeandika, mpokezane msome, na atakayekuja tena dukani aje kwa ajili ya kanga.

Mambo ya viza na tiketi siyasemi, yananitia kichefuchefu. Naanzia pale nilipoaga.

Tanga mpaka Dar

Asubuhi ya kuondoka baba aliniita chumbani. Sukari ilikuwa imeshamchukua macho, anaona kivuli tu, na mguu mmoja ulikuwa haukanyagi tena. Akaniambia, "Kamlete." Nikamwambia, baba, si uzungumze naye kwenye simu tu, yaishe? Akasema, "Radhi haipiti kwenye simu. Nakitaka kichwa chake hapa, chini ya mkono wangu." Mnamjua Mzee Athumani, akishasema amesema.

Kwa wale wasiojua kisa chenyewe: Shabani, mdogo wangu wa mwisho, anatengeneza lifti huko London. Mwisho wa wiki ni askari. Alijiunga na jeshi la akiba la Waingereza, akaapa kwa mfalme wao, na baba akazipata habari hizo kwa watu wa mtaani. Sasa babu yake baba alichukuliwa kubebea Wazungu mizigo kwenye vita vyao, hakurudi, na kaburi lake hatulijui mpaka leo. Baba akasema mtoto aliyekwenda kwa miguu yake mwenyewe kule walikomburuta babu yake, hana radhi naye. Shabani naye kichwa ngumu kama baba, akaacha kupiga simu nyumbani. Akawa anatuma salamu kwangu tu, na kila salamu inaishia na "mzee anasemaje?" Mzee alikuwa hasemi kitu.

Kwetu mtu aliyekosa radhi ya baba tunamhurumia hata akiwa tajiri. Daktari aliposema tujiandae, ikabidi mmoja aende akamlete mwenzake kabla mkono wa baba haujapoa. Mimi ndiye mkubwa, na mimi ndiye mwenye mdomo.

Hamisi fundi baiskeli alinibebea begi mpaka stendi. Hamisi na Shabani wamekua pamoja, wamelala mkeka mmoja, na tangu mwenzake aondoke yeye ndiye anayemnyoa baba na kumshika mkono kwenda msikitini. Akanisihi, "Dada Rukia, nipigie picha Shabani akiwa juu ya farasi." Sote tulijua ana farasi. Si alisema yuko kwenye jeshi la wapanda farasi, na kwenye beji ya kofia yake farasi tulimwona wenyewe?

Basi likaharibika baada ya Segera. Tulikaa chini ya jua, watu wanamenya machungwa ya Muheza na kumtukana dereva, na mimi nahesabu moyoni: je, nikikuta ndege imeondoka? Niliiwahi nikiwa natweta, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Addis Ababa

Huko tukaambiwa London kuna ukungu, tusubiri. Tukasubiri mpaka viti vikatuzoea. Pembeni yangu alikaa bibi wa Kihindi, mdogo wa umbo, ana sweta juu ya sari. Akafungua kopo lake, akanisogezea chapati nyembamba za manjano na achari ya embe. Nikasema asante kwa Kiswahili bila kufikiri. Yule bibi akaruka. "We! Wa wapi wewe?" Nikamwambia Tanga. "Tanga ipi?" Ngamiani. "Barabara ya ngapi?" Jamani, nilidhani naota.

Alikuwa Mama Nirmala. Kazaliwa Tanga, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, yeye akaondoka akiwa msichana. Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani, kitamu, hakina haraka. Akaniuliza kama mbaazi na mahamri bado wanauza asubuhi, kama maji ya bomba bado yanakatika, nani kafa, nani kaoa. Nilimweleza safari yangu yote. Akafunika kopo lake, akasema, "Baba yangu mimi alibaki Tanga, akafia huko. Mimi niko London napima mapazia ya watu. Shoga yangu, usichelewe." Ningekuwa na mbawa ningeruka hapohapo, lakini ukungu ulikuwa haujaondoka.

Kingsbury

Uwanja wa ndege wa London nilitazama kila mtu aliyeshika bango. Shabani hakuwepo, na ujumbe nilikuwa nimemtumia kabla ya kupanda ndege. Simu yake inaita, haipokelewi. Nilihisi kuchekwa na kila mtu, na mimi na kikoi changu juu ya koti la mtumba. Mama Nirmala akaniambia twende kwake, kesho atanitafutia njia.

Kingsbury maduka yote ni ya Kihindi, pananukia bizari tangu kituoni, ila mbingu yenyewe imeshuka mpaka kwenye mapaa na mvua yao haina kelele, inakulowesha kimyakimya. Mjukuu wake alitufungulia. Bibi anamwambia kwa Kiswahili, "Msalimie mama," yeye anajibu "Hi" na kurudi kwenye simu yake. Mama Nirmala akacheka, akasema anaelewa kila neno, ila kwa Kiswahili hajibu hata umpe dhahabu.

Nilikula wali wa choroko na mtindi. Halafu nikampigia shangazi Zena, dada yake baba, ambaye ndiye nimemwachia mgonjwa. Akasema mzee anauliza kila adhana, "Wamefika wapi?" Nikamwambia mwambie tuko njiani. Mwongo mimi! Shabani mwenyewe sikuwa hata nimemtia machoni.

Kilburn

Mama Nirmala aliniandikia treni kwenye mkono, kabisa, kwa kalamu, kama mtoto anayekwenda shule. Nikafika Kilburn anakokaa Shabani, nyumba ya ghorofa ya kupanga, ngazi zinanukia unyevu. Mlango ulifunguliwa na Mkongomani mmoja, Baba Ombeni, anayekaa pamoja na Shabani. Alikuwa ametoka kazini kusafisha ofisi, macho mekundu.

"Shabani hayiko, mama. Alienda na basoda benzake, kule porini. Simu walibapokonya. Atarudia kesho kutwa."

Nikaelewa yuko mazoezini na askari wenzake, nikakaa palepale kwenye ngazi. Baba Ombeni akanikaribisha, akanipikia ugali wa muhogo na samaki, akanipa kitanda cha Shabani. Aliniuliza nimemletea nini mdogo wangu. Nikamjibu nimemletea wito. Akatikisa kichwa, akasema yeye baba yake alikufa Bukavu na yeye akiwa kwenye foleni ya makaratasi hapa, hata sura hakuiona. Nikaanza kuuchukia mji huu ambao kila ninayekutana naye ana baba aliyemfia mbali.

Chumbani kwa Shabani kila kitu kilikunjwa kijeshi. Picha ya baba ilikuwa ukutani, juu ya kitanda. Nililia pale peke yangu, nikamtukana na kumwombea kwa pamoja.

Alirudi siku aliyosema Baba Ombeni, matope mpaka magotini. Aliponiona alisimama wima mlangoni kama mtu aliyepigiwa mbinja. "Dada? Nani kafa?"

"Hajafa mtu," nikamwambia. "Bado. Baba anakutaka, radhi yako iko tayari, njoo uichukue."

Huyo mwanaume mzima na mabuti yake akakaa chini, akaficha uso kwenye mapaja yangu. Baada ya kulia aliniambia shida yake. Kikosi chake kimeitwa, wanapelekwa ng'ambo kukaa miezi. Ila mkuu wake ni mtu mwelewa, atampa ruhusa ya siku chache, tuondoke Jumatatu. Sharti lake Jumapili awepo, maana ni siku ya kukumbuka waliokufa vitani, kikosi chote kinapanga mstari na kula chakula pamoja. "Na wewe umealikwa, dada. Ni heshima kubwa." Nikahesabu. Jumapili, Jumatatu. Nikaona si haba, baba atasubiri.

Kwenye ukumbi wa jeshi

Ukumbi wao uko katikati ya nyumba za watu, tofali nyekundu, geti kubwa la chuma. Nikaingia nimenyoosha shingo. "Farasi wako wapi?" nikamuuliza Shabani. Akaanza kucheka. Uani yalikuwepo magari ya deraya yamefunikwa turubai, mvua inayachuruzikia, basi. Farasi hakuna hata mkia.

"Tunaitwa wapanda farasi kwa jina tu, dada. Siku hizi ni vifaru."

Palikuwa na mzee wa Kiingereza, mstaafu, anayetunza chumba chao cha kumbukumbu. Alifurahi kumpata mtu wa kumsimulia. Kiingereza changu cha shule kiliambulia mengi, na Shabani alinijazia yaliyonipita. Kikosi kilianzishwa zamani sana na wenye mashamba, kila mtu na farasi wake, walipoogopa Wafaransa watavuka bahari waje. Wafaransa hawakuja. Kwa hiyo wale mabwana na farasi wao wakatumwa kuwatawanya watu wao wenyewe waliokuwa wanalilia mkate. Mzee alilisema hilo akitazama viatu vyake. Baadaye wakapelekwa Afrika Kusini, farasi wakafa melini na wengine wakafa kwa kiu. Vita kubwa ilipokuja wakaambiwa washuke, wapigane kwa miguu, matopeni. Vita iliyofuata wakapewa vifaru. Na sasa wamekuwa akiba.

"Akiba maana yake mnafanya nini hasa?" nikauliza.

"Sisi ni spea," Shabani akanijibu. "Kikosi cha kudumu kikipungukiwa na mtu ndani ya kifaru, kaumia au kafa, mmoja wetu anaingia palepale alipokaa. Kazi haisimami."

Nikamuuliza kama haoni vibaya kukaa kwenye kiti ambacho damu ya mwenzake haijakauka. Akasema moyoni mtu huumia, lakini kiti hakiwezi kubaki wazi. Sikulipenda jibu lile.

Ukutani yalikuwepo majina ya waliokufa, safu kwa safu, na pembeni majina ya farasi. Nilitafuta wapagazi, maana mzee alisema baadhi ya askari wa kikosi walifika mpaka Afrika Mashariki kwetu. Nikamuuliza waliobeba mizigo wako wapi. Mzee akavua miwani, akaipangusa, akasema hawakuandikwa. Hakujitetea, na mimi sikumsukuma zaidi, lakini nilijua baba angesema nini.

Mezani

Jumapili walipanga mstari mvuani, wakapiga tarumbeta, wakanyamaza. Kimya kile kiliniingia mpaka mifupani. Kisha tukaingia kula.

Mlangoni palikuwa na sanduku la mbao, kila mtu anatumbukiza simu yake, hata mkuu wa kikosi mwenyewe. Mimi yangu nilitaka kubaki nayo. Shabani akaninong'oneza, "Dada, hapa hakuna anayeingia nayo. Si muda mrefu." Nikaiweka. Akanifunza na desturi nyingine: ukishakaa hunyanyuki, hata ukibanwa na haja, mpaka mkuu ainue glasi ya kumtakia mfalme afya. Nikamwambia hilo hanifundishi, hata kwetu mgeni hatangulii kuinuka kwenye sinia la watu.

Meza ndefu, imeng'aa, mishumaa mchana kweupe. Mbele yangu waliweka kidau cha wino. Nilipokitazama vizuri niliona ni ukwato wa farasi, wa kweli, na nywele zake, umefunikwa kifuniko cha fedha. Farasi waliyempenda, wakamkata mguu wakaweka mezani! Hamu ya kula ikaniisha. Mimi na Shabani tulipikiwa samaki wetu mbali, hana chumvi wala ndimu, na njegere zinazokimbia kwenye sahani.

Mkuu wa kikosi akasimama kuhutubia. Hapo ndipo sanduku likaanza kutetemeka. Grrr, grrr, mbao juu ya mbao. Watu wote wakapiga meza kwa viganja wakicheka. Shabani akaniambia ndiyo mila yao, ambaye simu yake inasumbua atawanunulia wenzake wote vinywaji. Ikanyamaza. Ikaanza tena. Kicheko kikazidi, na mimi nikatabasamu, nisionekane nimenuna kwenye karamu ya watu. Ikanyamaza, ikaanza mara nyingine, safari hii kama zinatetemeka mbili kwa pamoja. Nilimtazama Shabani nikidhani labda ni yake. Yeye alinitazama akidhani labda ni yangu. Tukaangalia chini wote wawili, tunaona aibu. Waislamu wawili weusi mezani pale, nani atakuwa wa kwanza kuvunja desturi?

Hotuba iliendelea, peremende zikapita, chupa ya mvinyo ikazunguka kwa mkono wa kushoto, nikaisukuma mbele. Mwisho wakainua glasi zao, nasi maji yetu, mfalme, haya, mfalme. Viti vikarudi nyuma. Shabani akakimbia mlangoni.

Simu zilizokuwa zinalia ni zetu. Zote mbili. Shangazi, shangazi, shangazi, Hamisi, shangazi.

Shabani akapiga, Hamisi akapokea. Sikusikia alichoambiwa. Nilimwona tu akiishusha simu polepole na kuitazama. "Baba ametutoka," akasema. "Sasa hivi."

Mkuu wa kikosi alikuja mbio alipoambiwa. Ni kijana kuliko Shabani, uso mwekundu, macho yamemjaa maji. Akasema kwa nini hamkuniambia kuwa kuna mgonjwa? Ile desturi haifungi mtu mwenye dharura, neno moja tu kwangu na mngetoka, na simu mngekaa nazo mapajani. Neno moja. Namshukuru alikuwa mtu mwema, lakini wema wake siku ile ulinichoma kuliko matusi. Tumekaa tumebanwa na heshima ambayo hakuna aliyetudai!

Kilburn tena

Maiti haikungojea, nanyi mnajua, mlizika kesho yake asubuhi wengi wenu mkiwepo. Baba Ombeni alituletea chai, akakaa nasi, na Mama Nirmala alisafiri mvuani kuja kunipa mkono wa pole. Nilimwambia Shabani twende hivyohivyo, ukaone kaburi, ukaombe dua.

"Niende nikamwombe radhi udongo?"

"Watu wanakusubiri. Shangazi anakusubiri."

"Aliyekuwa ananisubiri hayupo," akasema. Akaanza kupanga nguo kwenye begi la jeshi, anazikunja moja moja. Nilipayuka, nikamwita majina yote, nikamwambia ana roho ya jiwe. Alinikubalia kila neno. Alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege, akanikumbatia. Aliniomba kitu kimoja: "Kamuulize shangazi baba alisema nini mwishoni. Usinifiche, hata kama ni laana."

Nyumbani

Nilifika, nikapokewa kwa kilio, nikakaa eda ya maswali yenu. Watu walipopungua nikamwita shangazi Zena chumbani. Nikamuuliza. Akaanza kusukasuka ukili ambao hata haukuwepo mkononi.

Alisema mzee alianza kukata roho mchana ule, anaita, "Shabani amefika?" Shangazi anapiga simu kwangu, hola. Kwa Shabani, hola. Mzee anaita tena, anapapasa hewani kwa mkono, anatafuta kichwa. Macho hayaoni. Hamisi alikuwepo, amekuja kumpangusa uso. Shangazi akamshika Hamisi shingoni, akampigisha magoti kando ya kitanda. "Sema umefika," akamwambia.

Na Hamisi akasema, "Nimefika, baba."

Mkono wa mzee ukashuka kwenye kichwa chake. Akasema, "Nimekuwia radhi, mwanangu, duniani na akhera." Hakusema kingine tena.

Nilimkasirikia shangazi, nikamfokea. Akaniambia, "Ulitaka nimwache afe anapapasa hewa?"

Nilimfuata Hamisi kwenye baiskeli zake. Alikuwa ananikwepa tangu nirudi, sasa nikajua kwa nini. Akalia kama mtoto, mikono yote grisi. "Dada, mkono ulikuwa mzito. Nilitaka kusema mimi Hamisi, ulimi ukagoma. Nimechukua kitu cha mtu, na sijui nikipeleke wapi."

Siku ya pili Shabani akapiga. Sikumficha, maana aliniomba nisimfiche. Nilimsimulia yote mpaka neno la mwisho. Kisha akauliza, "Hamisi yuko karibu?" Nikasema yupo. "Mpe simu."

Hamisi akafuta mikono, akasimama uani akiwa ameshika simu kwa mikono miwili. Nilimsikia anasema, "Samehe, ndugu yangu." Halafu akasikiliza muda, anatikisa kichwa kukataa, machozi yanamdondoka kwenye shati. Alinirudishia simu ikiwa imeshakatwa.

"Amesemaje?" nikamuuliza.

"Amesema radhi ni yangu, nikae nayo. Amesema aliyekuwepo ni mimi."